Usimpelekee Manase Sale

Manka, wewe ni mjinga. Naanza na hilo nisije nikalisahau, maana nina mengi ya kusema. Ni mjinga, na huo ujinga hukuuokota barabarani. Umeutoa kwangu, ndiyo maana nimeutambua hata ulivyoufunga ndani ya kanga.

Nimefungua begi lako nikuwekee ndizi za kukaanga za njiani, nikakuta jani la sale, lile la kuombea radhi. Bichi, limekatwa leo, limefungwa fundo vizuri kabisa. Nikatoka kutazama ule mstari wa masale kwenye mpaka wetu wa upande wa barabara, nikaona lilipokatwa bado panatoa maji. Nikakaa palepale juu ya majani makavu ya mgomba, mimi na goti langu bovu, nikacheka mpaka kuku wakakimbia. Halafu nikakasirika. Mpaka sasa sijamaliza.

Najua unampelekea nani. Unampelekea Manase wa duka la simu.

Usishtuke. Kaa kitandani, vua hayo malapa, usome mpaka mwisho. Ninaandika kwa sababu nikisema nitapiga kelele, na kelele za jikoni kwetu zinafika dukani kwa Manase bila kupiga simu. Tena nikisema utanijibu. Karatasi huwezi kuijibu. Mwandiko ni wa kisomo cha watu wazima, usiucheke. Mwalimu alitufundisha kuandika barua na kusoma bei ya mbolea, akahamishwa. Nimeishi na hayo mawili na hakuna aliyeniibia mbolea.

Unadhani nimejuaje? Ng'ombe ndiye aliyeniambia. Tangu mvua zipungue unatoka kila jioni na mundu, unarudi umechoka, umejaa upupu shingoni, na ng'ombe wetu Malaika analia njaa kwenye banda lake kama mtoto wa kambo. Nikajiuliza, huyu msichana anakata majani gani yasiyofika nyumbani? Leo mchana nikapita nyuma ya duka la Manase kana kwamba natafuta kuku. Nikaona ng'ombe wake amenenepa, na mbele yake mzigo wa majani umefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo limezungushwa mara mbili na ncha imerudishwa ndani. Fundo hilo alinifundisha mama yangu, nami nikakufundisha wewe ukiwa huna meno ya mbele. Hakuna mwingine kijijini anayefunga hivyo.

Manase akatoka. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ng'ombe wako amenenepa."

"Mungu anasaidia, bibi."

"Mungu hafungi kamba hivi."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Manka ananisaidia tu, bibi. Mtoto mwenye adabu sana yule."

"Anakusaidia kwa sababu gani? Wewe ni mgonjwa?"

"Muulize mwenyewe. Muulize, huyu Jasi ni nani." Akaangalia huku na huku kama mtu mwenye huruma. "Mimi sina ubaya na mtu, bibi. Lakini simu zinapigwa hapa dukani kwangu, masikio siwezi kuyafunga. Na mwanao Elia ni mtu wangu, akipiga simu kutoka Arusha tunaongea. Itaniuma sana kama ataniuliza kitu nikashindwa kumficha." Halafu, bila hata kupumua: "Na ule mpaka wenu wa barabarani, bibi, siku moja tukae tuzungumze. Nataka kuongeza kibanda."

Umesikia? Wewe unadhani ukimpa majani atashiba. Yeye tayari ameshafika kwenye kihamba changu, shamba hili la nyumbani.

Nikampungia mkono nikarudi nyumbani, moyo unanidunda kama msichana anayesubiriwa mlangoni. Usidhani ni hofu. Nimekaa miaka mingi, Manka, nikijiambia kwamba kama ningerudishwa nyuma ningefanya vizuri zaidi. Sasa nafasi hiyo imekuja tena, mlango ni uleule, na mwenye mlango ni mtoto wa yuleyule. Hata kutisha watu amerithi.

Ngoja nikueleze, maana hujui. Hakuna aliyekuambia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kinywa cha kukuambia, na nikaona aibu.

Babu yako alipofariki nilikuwa bado na nguvu za kubeba mikungu kichwani. Baba yako Elia alikuwa shule ya msingi. Niliachiwa kihamba hiki, na watoto, na mama mkwe wangu, nyumba yake ilikuwa pale penye mparachichi. Wewe hukumkuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, akikuangalia unajikuta unakumbuka kitu ulichosahau kufanya. Nilimwogopa kuliko padri.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni na kila mtu akajigundua ni mfanyabiashara. Kahawa bei ilikuwa ya kutukana watu. Nikaanza kununua ndizi Kwa Sadala na kuziteremsha Chekereni, nikirudi na mchele. Nilipanda lori la Ndesario, huyo baba yake Manase. Siku moja lori lilikufa njiani, mvua ikanyesha, na mikungu yangu ikabaki imelala kwenye tope la mashamba ya mpunga. Akatoka Mpare mmoja kwenye nyumba yake, akanisaidia kuihamishia barazani kwake, mkungu mmoja mmoja, hakusema neno. Halafu akaingia ndani akanipikia chai.

Mimi. Nikapikiwa chai na mwanaume. Nilikuwa nimezaa, nimezika mume, na hakuna mwanaume aliyewahi kunipikia hata maji.

Ndiyo, ni Babu Omari. Funga mdomo. Ulidhani miaka yote hiyo ananiletea mchele kwa sababu mimi ni mteja mzuri? Ulikuwa unamkimbilia barabarani kumpokea mfuko, hukujiuliza kwa nini mimi siku hiyo nimevaa kitenge kipya?

Nilimpenda. Naandika mara moja, sitarudia. Alikuwa Mwislamu na mimi Mkatoliki, alikuwa Mpare na mimi Mchaga, na mimi nilikuwa mjane niliyekaa kwenye kihamba cha ukoo wa watu. Shemeji zangu walikuwa wanakihesabu kile kihamba kila wanapopita barabarani, unaona kabisa midomo inavyocheza. Nikawa nalala Chekereni mara mojamoja. Mama mkwe nilimwambia nalala kwa shangazi yangu kwa sababu lori limechelewa, na yeye mzee wa watu analala na watoto wangu, anawapikia, anawaombea nirudi salama.

Ndesario akaona. Mwenye lori huona kila kitu. Siku moja tunapandisha mlima akaniambia, taratibu, macho yapo barabarani, "Mama Elia, mashemeji zako wakisikia mambo ya kule chini, watakuacha pale kihambani?"

Nikamwambia, "Umesema nini?"

"Nimeuliza tu."

Manka, nilipaswa kumwambia nishushe hapa. Sikusema kitu. Na kunyamaza kwangu kukawa ndiyo jibu. Alijua kuanzia hapo kwamba ninaogopa, na hofu yangu ndiyo aliyoanza kuila.

Kwanza alitaka mbege, pombe yetu ya ndizi. Kila nikipika, kibuyu kimoja cha kwake. Nikasema, si kitu. Halafu nikampalilie kahawa yake, kwa sababu mke wake mgongo unauma. Nikapalilia. Halafu kiangazi kikaja, akataka maji.

Wewe umekuta mabomba, hujui mfongo ulivyokuwa. Ule mfereji wetu ulikuwa na zamu. Kila nyumba ina siku yake ya kufungua maji kwenye migomba yake, na zamu ya mtu ilikuwa ya mtu, hata mfalme asingeigusa. Ndesario akataka zamu yangu. Nikaenda kwa mzee wa mfongo nikamwambia migomba yangu ina maji ya kutosha, mpe Ndesario. Mzee akanitazama. Juu yetu migomba ilikuwa imeinamisha majani kama wanawake msibani. Akasema, "Sawa, Mama Elia, kama wewe umesema."

Hapo ndipo nikutoe ujinga kidogo. Nilikuwa nalipa ili watu wasijue. Lakini maji yanapita barabarani! Kijiji kizima kilikuwa kinaona maji ya kihamba chetu yanaingia kwa Ndesario, na migomba yetu inakauka. Hakuna aliyejua siri, na kila mtu alijua kwamba ipo. Ni kama wewe na mizigo yako ya majani. Unadhani Mama Happy wa genge hajakuona unaingia nyuma ya duka la Manase kila jioni? Unajua anavyosema? Anasema unatembea na Manase! Umekimbia kusemwa na Jasi, sasa unasemwa na Manase, mwenye tumbo kama ngoma. Mae! Heri ungesemwa na Jasi.

Basi nikachoka. Nikawaza kama ulivyowaza wewe. Nikasema, sisi tuna sale. Ukimkosea mtu, hata ukiwa umemwaga damu, ukienda kwake na jani la sale limefungwa fundo, ukampa kwa mikono miwili, hana ruhusa ya kukataa. Ndivyo tulivyolelewa. Nikakata jani kwenye mpaka huohuo uliokata wewe, nikalifunga kwenye kanga, nikamfuata Ndesario.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nilimkuta kwenye kilabu cha mbege, yuko na wenzake, kata mkononi. Nilidhani ataona haya atoke nje. Nikapiga goti mbele yake, nikampa sale. Hakutoka. Aliliinua juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Wazee, tazameni! Mama Elia ananiomba radhi!"

Kilabu kizima kikaanza.

"Amekukosea nini?"

"Muulizeni mwenyewe!" anasema Ndesario.

Yule mama aliyekuwa anauza mbege akasema, "Labda alimkataa!" wakacheka mpaka mmoja akamwaga kata. Mwingine akasema, "Labda hakumkataa!" wakacheka zaidi. Na mimi bado nimepiga goti kwenye udongo. Ndesario akachomeka jani langu kwenye kofia yake, akavaa. Alitembea nalo wiki nzima. Kila alipopita watu walikuwa wanaulizana, yule mjane amefanya nini? Nilikuwa nimekwenda kuzima moto, nikawa nimempelekea kuni.

Na baada ya hapo akataka lile shamba dogo la maharage kule tambarare, alilime yeye.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapotaka ufungue masikio, maana nililipata jambo hili kwa aibu na wewe nakupa bure. Sale ni ya mtu uliyemkosea. Mimi nilikuwa nimemkosea nini Ndesario? Hakuna. Nilipompigia goti nilijitengenezea kosa ambalo halikuwepo, nikampa yeye ukuu ambao hana. Na yule niliyemkosea kweli alikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu, anamenyea wanangu ndizi, na migomba yake inakauka kwa sababu nimegawa maji yake kwa mtu mwingine.

Nilikata sale ya pili. Ile ya kwanza nilipiga goti kwa urahisi kwa sababu sikumheshimu niliyempigia. Hii ya pili miguu ilikataa. Nilizunguka nyumba ya mama mkwe mpaka mbwa akachoka kubweka. Mwishowe akaita kutoka ndani, "Wewe unayezunguka, ingia au uondoke, unanitia kizunguzungu."

Nikaingia. Nikampa. Nikamwambia yote, Omari, Chekereni, shangazi ambaye sikuwa nalala kwake, maji.

Sitakudanganya kwamba alinikumbatia. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kusema mzee alijua siku zote, akatabasamu. Huyu hakujua. Alinichapa na lilelile jani usoni. Aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika, sijui hata yanaandikwaje. Alisema, "Niliomba rozari kwa ajili yako ufike salama kwa shangazi!" Hilo ndilo lililomuuma, rozari. Halafu akakaa, akaangalia lile jani mkononi mwake, akaona amelipokea. Akasema, "Nimeshalishika. Nifanyeje sasa." Hakuniongelesha tena mpaka migomba ilipotoa mikungu mipya.

Lakini zamu yetu ya maji ilipofika, alichukua kigoda chake akaenda kukaa pale mfereji unapogawanyika. Ndesario akaja na jembe afungue maji upande wake. Mama mkwe akamwambia, "Maji haya ni ya wajukuu zangu."

"Mama, mkweo mwenyewe amenipa. Na ukijua kwa nini amenipa..."

"Najua. Chekereni. Mpare. Anapika chai." Akamwambia hivyo mbele ya watu, kavu, kama anasoma bei. "Una kingine?"

Hakuwa na kingine! Manka, ningetamani ungeona uso wake. Alisimama na jembe lake kama mtu aliyeingia harusini akakuta ni msiba. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, na kimeshagawiwa bure. Kesho yake alirudi kwenye zamu yake mwenyewe, na ndiyo aliyomwagilia mpaka kufa. Mama mkwe alinikasirikia mimi, lakini aliyefukuzwa alikuwa yeye. Hasira ya mtu wako ni kali, inachapa, inanuna mpaka msimu ubadilike, lakini inakaa upande wako wa mfereji.

Nililipa, usidhani sikulipa. Mashemeji waliita kikao, mama mkwe akawaambia atakayemtoa mama wa wajukuu zake aanze kumtoa yeye. Padri alinizuia Komunyo, na mpaka leo nakaa benchi la mwisho. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya goti. Naimba kwa nguvu kuliko walio mbele, na naondoka kichwa juu. Baba yako hakumsalimia Omari kwa miaka. Alikuwa akimwona anaingia getini, yeye anatokea nyuma ya banda. Mpaka alipougua malaria ya kichwa, na Omari ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari, mlima wote huu, mvua inanyesha. Alipopata fahamu akamwambia "Shikamoo." Neno moja. Omari alilia kama mtoto.

Kwa hiyo unapomwogopa baba yako, jua unamwogopa mtu aliyeshapita njia hii, ila amesahau. Najua alivyosema pasaka. Nilikuwepo, nilikuwa nasonga ugali wa mbwa. Alisema, "Nikisikia habari ya mwanaume, hilo begi linarudi ndani." Na jana mezani, wakati sisi tunakula machalari na kufurahi, wewe ukasema hutaki tena kwenda chuo, eti utakaa unisaidie na ng'ombe. Kunisaidia na ng'ombe gani? Wa Manase?

Mimi namwambia kila mtu Kwa Sadala kwamba mjukuu wangu anakwenda Mwanza kusomea maji! Sikujua kama maji yana shule. Sisi tulikuwa tunayaona yanateremka mlimani tukayapokea. Lakini nimefurahi mpaka silali. Nimezungumza na migomba. Mtoto wa nyumba hii, iliyowahi kugawa maji yake kwa woga, anakwenda kujifunza kuyagawa kwa haki! Halafu wewe unataka kubaki kwa sababu ya mtu mwenye simu ya kulipia? Utapanda hilo basi hata kama nitakufunga kwenye kereti juu ya keria na kuku.

Kuhusu huyo Jasi. Sijasema nimemkubali. Ni Kalasinga, na sijamwona akila ndizi. Nimeshamwona lakini, usidhani. Nilikwenda mjini mwezi uliopita kutengeneza mashine ya kupukuchua, nikapita kwenye gereji ya baba yake, nikamwona kijana mwenye kilemba amelala chini ya gari, ametoa miguu tu. Alipotoka alikuwa na grisi mpaka kwenye ndevu, akasema, "Shikamoo bibi," kabla hata hajasimama. Sikujua ni yeye. Leo baada ya Manase kutaja jina ndipo nikakumbuka vijana wenzake walivyomwita. Kama atakupikia chai, tutaongea. Kama hatakupikia, rudi nyumbani kunywa mbege yako.

Usimwombe mtu yeyote msamaha kwa sababu umependa. Hiyo ni yako, na si lazima uitangaze kanisani wala kwa Mama Happy. Watu wengi hawana haki ya kuijua. Lakini baba yako ulimwambia unabaki mjini kwa ajili ya tuisheni, akakata fedha ya chakula chake akakutumia, na sasa naelewa wewe ulikuwa gerejini unashika spana. Huyo ndiye uliyemkosea. Sale hii ni yake. Unamwomba radhi kwa uongo wa tuisheni, si kwa Jasi. Usichanganye, maana ukichanganya hata yeye atachanganya.

Atakasirika. Labda atapiga meza. Labda atasema begi lirudi ndani, na mimi nitalitoa, na yeye atalirudisha, na mimi nitalitoa. Mimi ni mama yake na nina goti bovu, hawezi kunisukuma. Na nikiona amezidi nitamuuliza neno moja tu: nani alikubeba? Na utaona.

Na huko Mwanza watatokea akina Manase wengine. Wengine watakuwa na picha, wengine watakuwa na simu za mkononi, wengine watakuwa na suti. Watakuambia, "Nitasema." Usiulize anataka nini. Ukiuliza bei umeshaingia dukani. Jiulize wewe mwenyewe, jambo hili ninamwogopa nani alijue? Halafu nenda kwa huyohuyo, kwa miguu yako, kabla mwingine hajafika. Na Manase hataki kusema, nikuambie. Siku atakayosema, siku hiyohiyo ataanza kukata majani mwenyewe. Umwone na tumbo lile na mundu! Ndiyo maana anasema "nitasema, nitasema" na hasemi.

Sikuandikii kuhusu kufua wala kula wala kusali. Hayo unayajua, na usiyoyajua hutayafuata. Ninaandika hili moja.

Jani lako nimelitoa kwenye kanga. Liko juu ya karatasi hii, nimelinyunyizia maji lisinyauke. Baba yako anafika kesho asubuhi na basi la kwanza kutoka Arusha akusindikize stendi. Usingoje anywe chai. Akishuka tu, akiweka mfuko chini, mpe kwa mikono miwili, useme mwenyewe. Nitakuwa nyuma yako, sitasema kitu mpaka nitakapohitajika.

Hayo ni ya kesho. Ya leo ni haya. Jua bado lipo na watu bado wamejaa dukani kwa Manase wakingoja kupiga simu, Mama Happy akiwemo. Ule mzigo uliompelekea jioni hii bado haujafunguliwa, fundo ni letu, majani ni ya kihamba chetu. Vaa malapa yako, pita mbele ya duka, si nyuma. Wasalimie wote. Akikuambia "nitasema," mwambie baba anafika kesho asubuhi, amngoje barabarani. Halafu uchukue majani yetu, uyaweke kichwani, uyalete nyumbani katikati ya barabara.

Nenda sasa hivi. Malaika analia.